Hiace "imetunzwa vizuri": basi chapisheni na kilomita zake

Bwana Mhariri,

Kila juma nasoma ukurasa wenu wa matangazo, na chini ya picha za Hiace, zile basi ndogo, zinazouzwa nakuta maneno yale yale: "Motere nzima, imetunzwa vizuri, bei ni ya kuelewana." Kuhusu bei ya kuelewana sina neno. Nauliza juu ya hayo ya katikati. Imetunzwa na nani? Katika garaji gani? Vidanji ya mwisho, yaani kumwaga mafuta ya motere na kuweka mapya, ilifanywa lini, na siku hiyo kilomita zilikuwa ngapi? Mwenye majibu ya maswali hayo angeyachapisha kwa herufi kubwa, maana ndiyo yanayompa haki ya kudai dola mia tano zaidi ya jirani yake. Akinyamaza, ana sababu.

Kabla ya kustaafu nilikuwa mwandishi wa fishi, zile kadi za matengenezo, katika garaji ya kampuni moja ya migodi hapa Lubumbashi. Sijawahi kufungua motere hata moja, na mke wangu atawaambia kwamba hata taa ya nyumba ikiungua naita mtu. Kazi yangu ilikuwa kalamu, kashe (muhuri) na kabati. Kila kamiyo (lori), kila jipi, kila basi ya kubeba wafanyakazi ilikuwa na fishi yake ya karatasi ngumu, na haikutoka getini kabla sijaandika tarehe, kilomita, kilichobadilishwa na jina la mekanisye aliyekibadilisha. Niliandika mistari ya kweli maisha yangu yote ya kazi. Mara nyingine niliombwa niandike ya uongo, nikakataa, kwa hiyo najua sura ya aina zote mbili. Sasa nakaa Katuba, na watu wa parokia yetu wananiletea makaratasi ya motoka wanazotaka kununua. Chuma namwachia mekanisye. Mimi nasoma karatasi, halafu naomba nioneshwe chuma, nione kama vyote viwili vinasema neno moja.

Hivi karibuni alikuja mama mmoja anayeuza unga katika soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini. Alitaka Hiace ya kubeba abiria kwenye mstari wa Ruashi, na komisyonere (dalali) alikuwa amempatia moja, nyeupe kama kawaida, mwenyewe akidai dola elfu kumi na moja na nusu. Mama alikuwa ameshaipenda, kwa sababu ilikuja na karne, yaani daftari la matengenezo, yenye mistari kumi na miwili, kila mstari na kashe yake. "Papa, hii iko na papiye zote," aliniambia, na komisyonere akatikisa kichwa kukubali.

Karne ilikuwa safi mno. Karne inayokaa garajini hupata kidole cha mafuta kwenye kona, hupata kalamu ya bluu mwezi huu na nyeusi mwezi ujao, hupata mwandiko wa mtoto wa mwenye garaji siku baba yake alipokwenda msibani. Hii iliandikwa na mkono mmoja kwa bic moja, toka juu hadi chini, kama mtu aliyekaa mezani jioni moja akamaliza miaka mitatu. Kilomita zilikwenda 85,000, 90,000, 95,000, mpaka 140,000, zote zikiishia kwa sufuri tatu. Shofere wa kweli hafiki garaji kilomita zikiwa zimetimia sawasawa. Anafika siku aliyopata nafasi, akiwa na 91,340, au amechelewa ana 97,015 na anaomba msamaha.

Nikashuka na tarehe. Mstari wa sita uliandikwa 30 Juni 2022. Siku ya Uhuru, Bwana Mhariri! Nikamwuliza komisyonere kama garaji ile huwa inafungua siku ya gwaride. Akanijibu bila kupepesa jicho: "Papa, bale banatumikaka ata siku ya fete." Sawa, nikasema, wapo watu wenye bidii. Basi nipe karatasi ya forodha. Karatasi hiyo ya DGDA, ofisi ya forodha, ilionesha kwamba motoka yenye namba ile ya shasi iliingia kwa mpaka wa Kasumbalesa mwezi wa Aprili 2021. Mstari wa kwanza wa karne, wenye kashe ya garaji ya Lubumbashi, ulikuwa wa Februari 2021. Yaani walimwaga mafuta ya motoka ambayo pengine ilikuwa bado baharini.

Nawaomba wasomaji washike jambo hili, maana halihitaji ufundi wowote. Karatasi za motoka ni nyingi, na kila moja imetoka ofisi yake: forodha, karte roze (kadi ya usajili), karne, fakture (ankara) za piesi (vipuri). Mwongo hupata nguvu ya kutengeneza moja. Ni nadra akae chini azilinganishe zote. Wewe zilinganishe. Anza na namba ya shasi, isome herufi kwa herufi kwenye chuma chenyewe, kisha kwenye karte roze, kisha kwenye karne na kwenye kila fakture iliyoiandika. Halafu panga karatasi zote mezani kwa tarehe, ya zamani juu, ya karibuni chini, na soma kilomita zikishuka. Zinatakiwa ziongezeke tu. Zikirudi nyuma hata mahali pamoja, funga faili.

Tukatoka nje kuangalia chuma. Hapa ndipo Wajapani wanapotusaidia bila kujua. Hiace nyingi tunazonunua zilifanya kazi Japani kwanza, na mekanisye wa kule akibadilisha mafuta hubandika karatasi ndogo kwenye nguzo ya mlango wa dereva au karibu na motere, akiandika tarehe na kilomita. Wauzaji wetu huosha motoka, hupiga rangi bampa, huweka vitambaa vipya vya viti, lakini kijikaratasi kile hukiacha kwa sababu kimejaa herufi wasizozijua. Tarakimu lakini ni zile zile zetu. Kinachomkwamisha mtu ni mwaka, kwa kuwa mara nyingi wanahesabu miaka ya utawala wa mfalme wao. Ukiona H au Heisei, ongeza 1988: Heisei 21 ni mwaka 2009. Ukiona R au Reiwa, enzi iliyoanza tarehe 1 Mei 2019, ongeza 2018: Reiwa 2 ni mwaka 2020. Jumlisha tu hivyo.

Kwenye nguzo ya Hiace ile paliandikwa mwaka wa 2 wa Reiwa, mwezi wa 8, kilomita 187,640. Dashibodi siku ile ilisoma 142 elfu na kitu. Nilimwonesha mama kwa kidole, sikusema neno. Kwa haki ya muuzaji niongeze kwamba baadhi ya vijikaratasi hivyo huandika kilomita za vidanji inayofuata, zile ambazo motoka inatarajiwa kuzifikia. Hata hivyo mtu hukadiria mbele kwa elfu tano au kumi. Hakadirii kwa elfu arobaini na tano.

Motoka ikiwa imeingia nchini karibuni, muuzaji anatakiwa awe na cheti cha Japani cha kuitoa nje ya nchi, au walau nakala yake. Mara nyingi cheti hicho huonesha kilomita zilizosomwa kule. Serikali yao ina ukaguzi wa lazima, na Hiace ya mizigo hupimwa kila mwaka ikishapita miaka miwili ya kwanza, kwa hiyo namba zile si za mtu kujitungia sebuleni. Sasa fikiri safari yenyewe. Nyingi hushushwa Dar es Salaam, zikaendeshwa kupitia Tunduma na Nakonde, zikakata Zambia mpaka Kasumbalesa, halafu hapa kwetu. Hizo ni karibu kilomita 2,000. Kama cheti kinasema 120,000 na dashibodi inasema 122,000 na kidogo, hesabu inakwenda. Kama dashibodi inasema 120,000 ile ile, uliza ilibebwa na kamiyo gani na uombe kuona karatasi ya usafirishaji. Kama inasema 78,000, mshukuru mwenyewe kwa muda wake.

Kuna hesabu nyingine ambayo ningependa kila anayenunua basi iliyokuwa kwenye mstari aifanye. Tuseme basi inakwenda kilomita 120 kwa siku, na hiyo si nyingi kwa shofere anayetafuta malipo ya mwenye motoka kabla ya kupata yake. Tuseme inafanya kazi siku 25 kwa mwezi. Ni kilomita 3,000 kwa mwezi, 36,000 kwa mwaka, zaidi ya laki moja kwa miaka mitatu. Karne ya mama wa unga ilidai elfu hamsini na tano kwa miaka mitatu ya mstari. Hiyo ni motoka ya padri, tena padri mwenye parokia ndogo. Ukigeuza hesabu ile ile unapata idadi ya vidanji: ikiwa mafuta yanamwagwa kila kilomita 5,000, basi hiyo inatakiwa iwe na vidanji saba kwa mwaka. Muuzaji akikuletea fakture tatu za mwaka mzima kwa fahari, amekuonesha nne zilizokosekana. Na kilomita hazisemi yote. Basi ikingoja watu ijae sokoni, motere ikinguruma, dashibodi haihesabu kitu, lakini mafuta yanachoka. Ongezea vumbi letu la kiangazi, ongezea mazuti (dizeli) yenye maji ndani yake ya kadafi, mwuza mafuta wa kando ya barabara, ndiyo maana mimi napenda kuona filtre ya hewa na filtre ya mazuti zimeandikwa mara nyingi kuliko kitabu cha kiwanda kinavyotaka.

Sasa niingie ndani kidogo ya motere, kwa maneno niliyofundishwa na mekanisye wenyewe. Namba ya shasi ya Hiace hizi za tangu 2004 huanza na herufi zinazokuambia motere iliyozaliwa nayo. KDH ni ya mazuti, TRH ni ya esanse (petroli). KDH inatumia kuruwa ya distribisyo, ule mkanda wa mpira wa ndani, na Japani huubadilisha kila kilomita 100,000. Ukibadilishwa hubandikwa kijikaratasi chake. TRH haina mkanda huo kabisa, ina mnyororo. Kijana mmoja wa Kamalondo aliwahi kuniletea fakture ya TRH iliyosema "kuruwa ya distribisyo, mpya, na kazi ya kuiweka". Kashe ilikuwepo, saini ilikuwepo. Mkanda tu ndio haukuwa na mahali pa kukaa.

Kwa KDH swali la mkanda ndilo la kwanza, kwa sababu ukikatika barabarani ya Likasi hununui mkanda tu, unanunua kichwa cha motere au motere nzima. Kwenye nyingi ya motere hizo kuna taa ya dashibodi inayowaka mkanda ukifikia muda wake. Taa hiyo huzimwa kwa kubonyeza kitufe, bila mtu kugusa mkanda. Kwa hiyo taa iliyozimika haithibitishi kitu. Fakture ya mkanda, yenye kilomita na jina la duka lililouza, ndiyo inayothibitisha. Mimi nikiikosa nahesabu kwamba haujabadilishwa, na bei ya mkanda pamoja na pompe ya maji naitoa kwenye bei ya motoka, muuzaji akubali au akatae.

Swali la pili la KDH watu wachache hulijua. Chini ya enjekta zake kuna vipete vidogo vya shaba. Vikichoka, moshi wa ndani hupenya ukaingia kwenye mafuta ya motere, mafuta yanakuwa mazito kwa masizi, masizi yanaziba krepini, ile chujio iliyo chini ndani ya karter (bakuli la mafuta), na siku moja motere inakosa mafuta huku kipimo kikionesha kwamba yamejaa. Ndiyo maana fakture inayosema "vipete vya enjekta vimebadilishwa, karter imefunguliwa, krepini imesafishwa" mimi huipenda kuliko fakture kumi za vidanji. Wanunuzi wengi wakiiona hukunja uso: "Ah, hii motoka ilishaharibika." Ndiyo, iliharibika, na mtu akaitengeneza kabla haijafa. Basi ya biashara ambayo kitabu chake hakina ugonjwa hata mmoja ndiyo ya kuogopa. Freni hazikuisha? Amortisere (shokamzoba) hazikuvunjika kwenye mashimo yetu? Miaka mitatu ya mstari wa Ruashi na hakuna aliyenunua hata boli ya gurudumu?

Kwa mafuta ya bwati (giaboksi) na ya daraja la nyuma (difu) nitasema upesi: karibu hakuna anayeyabadilisha, na ukiyakuta yameandikwa, jua umekutana na mtu anayejua kazi. Maji ya radiateri vivyo hivyo. Karatasi ikisema yamebadilishwa kwa dawa yake, fungua kifuniko asubuhi motere ikiwa baridi. Ukikuta maji ya kutu, karatasi ile waliandikiana.

Vitu vingine vya kusoma havimo kwenye faili lakini ni karatasi vilevile. Pine (tairi) ina tarakimu nne ubavuni, juma na mwaka: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Muuzaji akisema aliweka pine mpya mwaka jana, soma. Mkanda wa kiti una kitambulisho chake chini chenye tarehe. Kanyagio la freni lililolika mpaka chuma halikubaliani na kilomita elfu themanini, na kanyagio jipya kabisa ndani ya motoka ya zamani lina habari yake pia.

Niongeze moja kuhusu usukani, maana hapa Lubumbashi tunalo kila siku mbele ya macho. Nchi yetu inaendesha kulia. Hiace ya Japani ina usukani kulia na mlango wa kusukuma kushoto, kwa hiyo abiria anashukia katikati ya barabara, na mimi nimeshaona mtoto wa shule akivutwa shati na resevere (konda) sekunde moja kabla ya pikipiki. Wapo wanaokata ubavu wa motoka na kuhamisha mlango, wengine wanahamisha na usukani wenyewe. Sitasema wanafanya vibaya; sababu yao naiona. Lakini huo ni upasuaji mkubwa, na unatakiwa uwe na karatasi yake: nani alikata, nani alichomelea, boksi ya usukani ilitoka motoka gani. Wengi wanauza motoka iliyobadilishwa hivyo pasipo mstari mmoja kwenye karne, na mnunuzi anadhani imezaliwa vile.

Nije kwa mambo ya minada, ambayo yananiuma kwa sababu za zamani. Kampuni zetu zikiuza motoka zao za kazi, watu hugombania. Historia yake yote ipo, imeandikwa na watu kama mimi, katika kabati la ofisi iliyo hatua chache na pale motoka zinapouzwa. Nilishuhudia minada mingi. Wanunuzi walichukua ufunguo, wakachukua jeki na gurudumu la akiba, wakagombana juu ya redio. Fishi hakuna aliyeomba. Baada ya muda amri ilikuja, zikachomwa nyuma ya garaji pamoja na majani makavu, na ndani ya moto ule mlikuwa na habari za motere ambazo wenyewe wapya walikuwa wakizitafuta kwa waganga wa chuma kule Bel-Air. Ukinunua motoka ya kampuni, au ya shirika, au ya shule, omba fishi siku ile ile, kabla ya kulipa. Kesho yake hakuna atakayekumbuka zilipo.

Simaanishi kwamba kila asiye na karne ni mwizi. Motoka bora niliyoisoma mwaka huu haikuwa na karne. Mwenyewe alikuwa shofere wa Katuba anayeendesha motoka yake mwenyewe, na alileta kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na risiti za piesi, nyingine zimeloa mafuta hazisomeki, fakture za mkono zilizoandikwa nyuma ya karatasi ya daftari, na kipande cha boksi la filtre ambacho alikuwa ameandika kilomita kwa bic. Tulizipanga mezani na mjukuu wangu. Kulikuwa na pengo la miezi kadhaa, tukamwuliza. Akasema alilazwa hospitali na motoka ilikaa, na kweli kilomita kabla na baada ya pengo zilikuwa karibu sawa. Kulikuwa na risiti ya vipete vya enjekta. Kulikuwa na plaketi za freni zilizonunuliwa mara nyingi mpaka nikamwonya juu ya mguu wake. Dashibodi yake ilisoma 240 elfu na zaidi, namba inayowafukuza wanunuzi, na mimi nilimwambia mama wa unga aende akaione. Alikwenda na mekanisye wake, wakaelewana bei na shofere yule. Komisyonere wa ile nyingine hanisalimii tena tukikutana kituoni.

Kitu cha mwisho kwa mnunuzi ni miguu. Kashe ina jina la garaji na mara nyingi simu. Piga simu, lakini afadhali uende, kwa maana simu inaweza kupokelewa na shemeji. Fika na namba ya plaki, uliza kama wanaifahamu motoka, omba waoneshe daftari lao. Garaji ya kweli itakuwa na daftari, hata kama ni chafu, na mekanisye atakumbuka, "Ah, ile ya papa mwenye kofia, alikuwa na shida ya klachi." Habari ya namna hiyo haiandikwi kwenye karne. Kwa upande wa mama wa unga tulitafuta garaji iliyo kwenye kashe, na kwenye anwani ile tulikuta duka la kuuza matofali.

Na kwenu wenye garaji, nawaomba kama mtu wa kazi moja: mnapoandika fakture, msiandike "vidanji Hiace nyeupe". Nusu ya Hiace za mji huu ni nyeupe. Andikeni plaki na kilomita. Ni maneno mawili zaidi, na mteja wenu atauza motoka yake vizuri siku akichoka nayo.

Sasa ombi langu kwenu, Bwana Mhariri, ndilo lililonifanya nikae kuandika. Fomu yenu ya tangazo ina mahali pa aina ya motoka, rangi, bei na simu. Ongezeni mstari mmoja: kilomita za leo, tarehe na kilomita za vidanji ya mwisho, na kama karne au risiti zinafuatana na motoka, ndiyo au hapana. Asiyetaka kujaza aruhusiwe kuacha wazi, lakini nafasi ichapishwe hivyo hivyo ikiwa wazi, wasomaji waione. Rangi mnaweza kuitoa kama ukurasa hautoshi.

Wenu katika kazi,

Mwandishi wa fishi mstaafu
Katuba, Lubumbashi